Nilichora Jina la Mume Wangu Kwenye Upanga wa Luteni

Wuppertal, Jumatatu tarehe 11 Novemba. Asubuhi ukungu, na manyunyu yasiyokatika.

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana kichwa changu kimevurugika. Mume wangu Volkmar hukusanya panga za heshima, zile ambazo maofisa wa jeshi wa zama za Kaisari wa Ujerumani walizawadiwa na wenzao, na kwenye bapa huchorwa nani kampa nani, na miaka yote nimemsikia akisema maneno hayo ndiyo roho ya upanga, usio na jina ni chuma tu, basi alipotimiza miaka sabini nikamnunulia mmoja, wa Luteni Asseln kutoka kwa wenzake wa kikosi, upande wa pili wa bapa ukiwa mtupu, nikaona hapo ndipo petu, nikaupeleka kwa fundi wa mji wa Solingen akachora kwa tindikali, kwa herufi zilezile za kale: "Kwa Volkmar wangu, kutoka kwa Gerlinde." Volkmar aliusoma, akaufuta kwa kitambaa, akasema, "Asante, mama," akaurudisha alani. Hakuutundika ukutani pamoja na zile nyingine. Uko kabatini, chini ya mashuka.

Jana rafiki yake Eckehard, mkusanyaji pia, alikuja kunywa kahawa, akaomba auone, akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, umemfukua luteni wa watu ukamchanja chale."

"Si ninyi mnaosema thamani ni jina?"

"Jina la wakati ule, shemeji. Si la juzi."

Volkmar akasema, "Eckehard, kula keki yako."

Basi. Sijui alikuwa ananitetea au anaficha aibu. Nimempata fundi mwingine anayeweza kuyasugua maandishi yatoke, Alhamisi. Je, niupeleke kimyakimya? Nikimwuliza Volkmar kama amekasirika husema, "Hamna neno," nami sielewi ni neno gani hilo ambalo hamna. Kila siku naandika shajara, lakini kwa jana nimeweza kuandika kitu kimoja tu: nilipata usingizi saa nane usiku.

Gerlinde

JIBU

Bibi Gerlinde, Alhamisi kaa nyumbani. Ukiusugua utabaki na chuma kilichokonda, kisicho cha luteni wala cha mumeo.

Pole, lakini Eckehard hakukosea. Umeharibu kitu cha kale, kwa sababu ulimsikiliza mumeo nusu ukakimbilia kwa fundi. Na mumeo naye ana lake: mtu mzima anaficha zawadi chini ya mashuka kama peremende.

Mwenye aibu angecheka pamoja na rafiki yake, huyu alimnyamazisha. Ila usinishike kwa hilo, mimi sikuwepo mezani. Wewe ulikuwepo, na bado unamwuliza maswali yanayojibika kwa "hamna neno."

Leo utoe upanga, uuweke mezani, umwambie: "Nimekuharibia upanga wa luteni, nisamehe. Zawadi yenyewe bado ni yako. Nionyeshe nipigilie wapi msumari." Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu, hata kahawa ikipoa.

Akisema hauwezi kukaa pamoja na zile nyingine, mkubalie. Ukuta ule ni wa majina ya marehemu, naye mumeo yu hai. Tafuteni ukuta mwingine.