Muulize Kabla Hajala

Tata, baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu ukiwa umeketi kwenye kiti chako, si kitandani. Ndivyo ninavyokuona kila nikishika kalamu, na ndivyo ninavyoomba barua hii ikukute. Kifua kinaendeleaje tangu mvua zianze? Na goti la Mama, bado linampeleka kwenye shamba la chai na kumrudisha? Moraa huniandikia habari za shule tu, hasemi lolote juu ya afya zenu, nami namjua mdogo wangu: hunyamaza kukiwa na jambo. Mimi ni mzima. Baridi ya Amerika imeanza, majani yanaanguka, na ninalala na soksi miguuni kama mzee. Masomo yanaendelea vizuri. Mungu akipenda, mwakani nitakuwa mwalimu mwenye cheti cha huku.

Utashangaa kwamba safari hii sikuandika kwa Ekegusii. Kuna maneno ambayo nikijaribu kuyaandika kwa lugha ya nyumbani, mkono unasimama. Binti hamwambii baba yake habari za siku ambayo baba huyo hatakuwepo, wala za shamba litakalobaki nyuma. Chinsoni, ile heshima kati ya mzazi na mtoto, ulinifundisha wewe mwenyewe, na sijaisahau. Lakini Kiswahili ulikipata Kericho, ulipokuwa karani kwenye mashamba ya chai ya Wazungu, na kwa Kiswahili umezoea kuambiwa mambo magumu na watu wasio ndugu zako. Basi nisome kama karani mwenzako. Ukifika mwisho, nirudishe kuwa mwanao.

Barua yako imenifikia, nimeisoma mara nyingi. Umeniambia kwamba yule wakili wa Kisii mjini, mtoto wa ukoo wetu anayegombea Bunge, alikuja nyumbani Gesima na watu wake. Ulimchinjia jogoo. Mama alisonga obokima, ugali wa wimbi, na wewe ukamwachia mgeni firigisi, ambayo tangu nizaliwe sijaiona ikienda kwenye sahani isiyo yako. Kisha, ukaandika, Mama akafanya kituko. Akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni na bakuli la maji ya kunawa, aliuliza, "Mwanangu, wapimaji wakija na hati za mashamba, mwanamke ambaye hakuzaa mtoto wa kiume ataandikwa wapi?"

Wazee mliokuwa nao wakacheka. Baba Mdogo akasema, "Ataandikwa kwenye kitabu cha kanisa!" Wakili naye akacheka, akanawa mikono, akasema, "Mama, nimesikia. Hilo ni jambo la kuangaliwa." Ukamaliza kwa kusema kwamba wazee wa ukoo watakutana kwako kabla ya uchaguzi, na kwamba wewe ndiwe utakayetoa neno la ukoo mzima kumuunga mkono, kwa sababu alikula nyumbani kwako.

Tata, nilicheka pamoja nanyi mpaka kwenye kitabu cha kanisa. Hapo nikaacha. Nitakueleza kwa nini, na kwa hilo sina budi kukusimulia habari ya nyumba ninamoishi, ambayo sijapata kukuandikia kwa sababu inaniuma.

Unajua nimepanga chumba kwa mjane mmoja. Mimi humwita Mama Daniel, kwa desturi yetu, kwa jina la mwanawe wa pekee. Mwanzoni alishangaa. Sasa hata muuza maziwa humwita hivyo. Ana shamba la mahindi lisilo na mwisho, na Daniel ndiye aliyekuwa akililima. Nilipofika hapa mwaka jana, vita vya Vietnam vilikuwa vikiwachukua vijana wao. Hawaombwi, wanaitwa kwa barua ya serikali. Kila mama mwenye kijana alikuwa akimwogopa tarishi.

Bunge lao huku huitwa Kongresi, nao walikuwa wakielekea kuchagua. Waliogombea hapa kwetu walikuwa wawili. Mmoja ni mwalimu wa shule, mwanamke mkavu asiyejua mzaha. Mwingine ni muuza matrekta, mtu wa kicheko, anayekumbuka jina la kila mbwa. Kina mama wa kanisa waliwapelekea wote wawili maswali yale yale, kisha wakachapisha majibu kwenye karatasi moja, ubavu kwa ubavu: bei ya mahindi, kodi, shule, haki ya Watu Weusi kununua nyumba popote wapendapo, na vita. Mimi, bila shaka, nilikimbilia kwanza mstari wa Watu Weusi. Wote wawili walikuwa wameandika ndiyo. Kwenye mstari wa vita, yule mwalimu aliandika, "Nitapiga kura kuzuia fedha za vita." Yule wa matrekta aliandika, "Nitawasikiliza watu wangu."

Niliipenda sentensi yake, Tata. Nilidhani ina unyenyekevu. Ile ya mwalimu niliiona kama kofi.

Basi jioni moja mtu wa matrekta akaja kwetu. Mama Daniel alimpikia kuku na mahindi mabichi. Mgeni alikula vizuri, akaomba kuongezewa, akaniuliza kama Kenya kuna matrekta. Nikamwambia kwetu milima ingeyapindua, akacheka mpaka akapaliwa. Walipofika kwenye chai, Mama Daniel akaweka kikombe chini.

"Bwana, mimi nina mtoto mmoja. Kuhusu vita, unasemaje?"

Yule mtu akaacha kucheka. Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mama Daniel. "Mama," akasema, "nimekusikia."

Alipoondoka, Daniel alikuwa akikusanya sahani. "Amekula nusu ya kuku na hajajibu," akasema.

"Amejibu," mama yake akasema. "Hukumwona macho?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe unaonaje, Bosibori? Amekubali, au amenipita?"

Nilikuwa nimeketi kwenye meza ya watu, mgeni, mtoto wa shule. Ningeweza kusema sijui. Lakini niliona kiti kile ambacho mtu alikuwa amekalia, na mifupa kwenye sahani, nikamwona kila mtu aliyewahi kula mbele yako. Nikasema, "Amekubali. Kwetu, mtu akila nyumbani kwako baada ya kujua shida yako, hawezi tena kukugeuka. Angekuwa na jibu jingine, asingeongeza chakula."

Daniel akanitazama. "Hapa hata wauza bima hula, dada."

"Nyamaza," mama yake akasema, lakini alikuwa akitabasamu. "Huyu anatoka kwa watu wanaojua adabu."

Tangu siku hiyo alizunguka nyumba kwa nyumba akimwombea mtu wa matrekta kura. Alikuwa amekusudia kumpa yule mwalimu, nilijua. Karatasi ilikuwa ukutani na alikuwa ameweka alama. Aliing'oa. Kwa kila jirani alisema, "Alikula mezani kwangu, na ameniambia." Mtu wetu akashinda. Tulipika keki.

Fedha za vita zilipofika mbele ya Kongresi, akapiga kura ya ndiyo. Mama Daniel alipopiga simu kwenye ofisi yake, msichana alimjibu kwa upole kabisa kwamba Mheshimiwa hajawahi kuahidi lolote juu ya vita. Na ndiyo kweli. Nilitafuta uongo wake mahali popote na sikuuona. Kiangazi, tarishi akaleta barua ya serikali ya kumwita Daniel, naye akaenda.

Najua kura moja haikumpeleka Daniel. Wangekuwepo wengine wengi wa kupiga ndiyo, na huenda angeitwa tu. Hilo najiambia kila asubuhi. Lakini mama yake alitembea njia zote za hapa kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa amempa kitu, na mimi ndiye niliyemwambia amepewa.

Baadaye tulimkuta Mheshimiwa kwenye maonyesho ya kilimo, amesimama kati ya ng'ombe wa maonyesho, anasalimia watu. Alimtambua Mama Daniel mara moja. "Yule kuku!" akasema. "Mama, mimi yule kuku sitamsahau."

"Na swali langu?" Mama Daniel akasema.

Hakukwepa macho yake. "Nilikusikia, mama. Niliwasikia na wengine pia."

Akashika mkono wake tena, kwa namna ile ile, na kwa wema ule ule. Hapo ndipo nilipoelewa, Tata. Hakuwa amebadilika. Kwake chakula kilikuwa chakula, na kusikia kulikuwa kusikia. Sisi ndio tulioongeza mengine. Njiani kurudi nilimwambia Mama Daniel, "Nisamehe." Akapunguza mwendo wa gari. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekuuliza kwa sababu nilijua utasema ndiyo." Tangu hapo hajaniuliza tena ninaonaje juu ya kitu chochote, hata juu ya mvua. Viatu vya shamba vya Daniel bado viko mlangoni. Mama yake hupitia pembeni ili asivisogeze.

Nami nikiwa katika hali hiyo, ikaja barua yako, na ndani yake mtu amenawa mikono na kusema, "Nimesikia."

Sasa naomba unisome kwa Kiswahili hasa. Mungu alikupa mabinti tu, na hukuwahi kutufanya tujione upungufu. Ulipoambiwa uoe mwanamke wa pili akuzalie mvulana, ulikataa, ukatulipia karo. Lakini siku itakayokuja kwa kila mtu ikija kwako, hati itakuwa na jina la nani? Ukiniambia watoto wa Baba Mdogo ni wanao pia, nakubali, ni ndugu zangu nawapenda. Ila Moraa ameniandikia kwamba tayari wanafungia ndama wao kwenye kipande cha chini, karibu na chai ya Mama, bila kumuuliza. Hawana nia mbaya. Wanazoea tu. Chai ile Mama aliipanda kwa mikono yake, akibeba miche kichwani tangu Kebirigo, na mimi nikimfuata nyuma. Sheria ikinyamaza juu yake, atakuwa mgeni kwenye mashina yake mwenyewe.

Huenda wakili wetu ni mtu mzuri. Sina neno baya juu yake, na ukoo ni ukoo. Lakini habari za mashamba zitafika Bungeni, na huko atanyanyua mkono upande mmoja au mwingine. Bado hatujui upande gani, Tata. Wewe hujui. Umeniandikia kurasa nzima za adabu yake, sikuona neno moja la msimamo wake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Siku ya mkutano wa wazee, akija, muulize kabla hajala. Maji ya kunawa yasubiri. Muulize: mjane asiye na mtoto wa kiume aandikwe kwenye hati, ndiyo au hapana? Akisema hapana, mpe chakula vilevile, ni mtoto wetu, lakini utakuwa umejua unampa nini zaidi ya chakula. Akisema ndiyo, wazee wote watakuwa wamesikia, na firigisi itakuwa halali yake. Akisema "nimesikia", Tata, rudia swali.

Na usimwachie Mama aliulize tena. Aliuliza akiwa mlangoni na bakuli mkononi, na anayeuliza kutoka pale huchekwa, hata na watu wanaompenda. Wewe uko kwenye kiti. Nilisoma barua yako yote nikitafuta ulisema nini walipokuwa wakicheka. Hukuandika. Sikulaumu, nami nilikuwa mezani, nilipoulizwa nikasema lililokuwa tamu.

Sasa nimemaliza Kiswahili changu. Nirudishe kuwa mwanao.

Nisalimie Mama, mwambie blanketi yake ndiyo inayonikinga huku. Moraa mtoto wetu wa mwisho, mwambie asome kwa bidii na aandike ukweli. Baba Mdogo msalimie kwa heshima, na mkewe aliyenifundisha kusuka vikapu, na wale ndugu zangu wanaume, wanawe. Wakipeleka ndama wao kwingine nitawaletea kofia za baridi. Wasalimie wazee wa kanisa, hasa yule aliyeniombea siku ya kuondoka mpaka basi likatupita pale Masimba.

Barua za ndege zinachukua muda, na sijui wazee wanakutana lini. Ikiwa hii imekufika kabla ya mkutano, mwite Moraa amsomee Mama yote, neno kwa neno, aweke kwa Ekegusii palipo pagumu. Ikiwa umeshatoa neno, basi msomee salamu tu.

Ni mimi binti yako mkubwa, niliye mbali na kiti chako,

Bosibori