Kwa Kabula, Kuhusu Kompyuta Inayojizima

Mpendwa binti yangu Kabula,

Unisamehe kwa ukimya wangu. Simu zako nimekuwa nikizijibu kwa ufupi, na ujumbe wako mrefu sikuujibu kabisa, kwa sababu sikupenda kukuandikia nikiwa na hasira. Sasa nimetambua kwamba hasira yenyewe haina dalili ya kwisha, kwa hiyo naandika nayo.

Unakumbuka siku ulipoileta kompyuta ile kutoka Mwanza? Uliipakata mapajani njia nzima, ukakataa isiwekwe kwenye buti la gari, na ulipofika hapa Bariadi hukumsalimu mtu hadi ulipoiweka mezani. Nilikukaripia. Ukapiga goti, ukaniamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," huku ukicheka, na vumbi la safari likiwa bado usoni. Jioni ile ulinionyesha jambo ambalo sikuliamini: kompyuta mbili zisizo na sanduku wala waya, zinazoishi ndani ya ile moja. Ulifungua dirisha, ikaamka mashine; ukafungua jingine, ikaamka nyingine. Nilikuuliza faida yake.

"Baba," ulisema, "hapa mwanafunzi anaharibu bila kuharibu. Akikosea, tunaifuta ile ya ndani, tunaanza upya."

Ulikuwa unazungumza na mtu aliyezirudisha barua zako za bweni zikiwa na wino mwekundu, hadi ukaniandikia barua isiyo na kosa hata moja, wala habari hata moja. Lakini niliwaona vijana walioanza kujaa katika chumba chako cha mafunzo. Walikosea, wakafuta, wakakosea tena, na hakuna aliyelia. Ulipopata kazi Dodoma ukaniachia ufunguo, niliupokea kwa moyo mweupe.

Basi, kompyuta hii imenitesa. Ikifanya kazi peke yake ni pole kama ng'ombe wa maziwa. Vijana wakiziamsha mashine za ndani, hujizima ghafla, bila onyo, bila hata sentensi ya kuaga. Na si kila mara. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kosa lenye utaratibu mtu hulizoea. Hili huja likitaka, na likitaka huenda likizo.

Fundi wa kwanza alisema ni virusi. Akapiga Windows upya, na mashine zako za ndani akazifuta bila kuuliza. Nilizijenga tena nikiwa nimekushikilia kwenye simu jioni nzima, nawe ukinisomea hatua kama imla. Fundi wa pili nilimwita kutoka Binza, kule Maswa. Akasema ni umeme. Tukanunua stabilaiza, ambayo hadi leo taa yake ya kijani huendelea kuwaka kwa furaha wakati kompyuta imekwisha kufa. Ukaniambia nizipunguzie mashine za ndani memori. Nikazipunguzia, zikawa zinatambaa, kisha zikafa vilevile. Ukasema huenda kipande kimoja cha memori ni kibovu. Tukavichomoa, tukavisugua kwa kifutio cha penseli, tukavirudisha kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vizima. Mwanangu, nimefundisha watoto wakaidi, lakini mtoto mkaidi ukimwuliza swali angalau hukutazama.

Hukuwapo msimu huu ulipoanza, kwa hiyo hujui nani mwingine anakitumia chumba chako. Baba yako mdogo Masunga ameileta pamba yake kutoka Lagangabilili, kwa mkokoteni, safari baada ya safari. Zamani chama cha ushirika kilikuwa kimoja, bei ilikuwa moja, na ghala lilikuwa lake, nasi tulilalamika. Siku hizi soko ni huria, wanunuzi ni wengi, bei ni ya leo na si ya kesho, na maghala ni nyumba zetu. Masunga haiuzii kampuni ya kwanza. Anasema mnunuzi wa kwanza ni mwizi, na wa pili ni mwizi mwenye haya. Yeye anamngoja wa tatu. Kwake hana nafasi, kwa kuwa wake zake wawili wameshavigawana vyumba. Hapa kwetu chumba chenye sakafu ya saruji na nondo madirishani ni kile chako tu. Nilitundika turubai katikati: huku vijana na kompyuta, kule pamba hadi darini. Sikumwuliza itakaa hadi lini. Mzigo wa ndugu hauulizwi siku ya kuondoka, nawe unalijua hilo.

Yeye ndiye aliyenicheka kuliko wote. Alifunua turubai siku moja kompyuta ilipojizima, akatutazama tukiwa tumeduwaa.

"Kaka," akasema, "umeweka mashine tatu katika sanduku moja. Mimi nina wake wawili na nyumba nzima, bado silali usingizi. Ulitegemea nini?"

Vijana walicheka hadi wakashika mbavu. Nilicheka kidogo, kisha nikawaambia wafungue madaftari.

Wewe ndiwe uliyeuliza swali la maana. Uliniuliza inajizima saa ngapi. Nilikujibu kwa ukali kwamba inajizima ipendapo. Baadaye nikaanza kuangalia. Asubuhi ilikuwa ikistahimili. Taabu ilikuwa alasiri. Nikasema ni joto la mchana. Lakini Jumapili tulifanya mazoezi alasiri nzima chini ya jua lilelile, mashine zote mbili za ndani zikiwa macho, na haikukohoa hata mara moja. Nikajiuliza Jumapili ina nini. Jibu lilikuwa ukimya. Nyuma ya turubai hapakuwa na mtu. Siku nyingine zote, baada ya chakula cha mchana, shemeji zangu, wake za Masunga, huja kuipanga pamba, safi huku na fifi, ile ya daraja la chini, kule, wakiikung'uta na kupiga soga.

Nilikata umeme, nikafungua ubavu wa kompyuta. Chini ya feni, juu ya yale mapezi ya chuma yanayoipoza prosesa, palikuwa na zulia. Jeupe, laini, limeshikana kama lililofumwa. Nilivuta ncha moja, likatoka lote. Ilikuwa pamba, Kabula. Pamba safi, ya daraja la kwanza. Shemeji zangu hupanga vizuri. Kumbe mashine moja iliweza kuvumilia blanketi lile, lakini za ndani zikiamka, prosesa hufanya kazi ya watatu, joto hupanda, na kompyuta hujizima isiungue. Haikuwa na ukaidi. Ilikuwa ikijiokoa.

Nilidhani mambo yamekwisha. Tukaisafisha, ikafanya kazi wiki nzima kama siku ile uliyoileta. Kisha ikajizima, nikaifungua, na zulia jipya lilikuwa limeanza. Tangu hapo mzigo umeongezeka, na hata nikiisafisha asubuhi, alasiri imeshaziba. Niliwaomba shemeji zangu wapangie pamba uani. Walitoka siku moja. Upepo uliipeleka nusu kwa jirani, na iliyobaki ikaingia mchanga, mnunuzi asingeitazama. Kuihamisha kompyuta pia haiwezekani, kwani chuo cha Mwanza kinachowatahini vijana kimekikubali chumba hiki na si kingine. Mwisho wa mwezi msimamizi wao anakuja. Kila kijana atatakiwa kujenga mashine mbili za ndani mbele yake na kuzifanya ziwasiliane. Kompyuta ikijizima mikononi mwa mmoja wao, vijana wote watarudia mwaka, na chumba chako kitafungwa.

Nilimchukulia Masunga lile zulia kiganjani, nikamweleza. Alilitazama sana, akalivuta nyuzi kujaribu urefu wake.

"Kwa hiyo kompyuta imekula pamba yangu," akasema, "na mimi ndiye ninayeshitakiwa?" Kisha akaacha mzaha. "Kaka, nyumba hii ni ya baba. Siku ukiniambia nitoe mzigo wangu, niambie pia nipite mlango gani nikirudi."

Tangu siku hiyo hajaingia kula kwetu. Wake zake huja, hupanga pamba, hunisalimu na kuondoka. Mama yako humtumia chakula, na vyombo hurudi vimeoshwa, bila neno.

Jumapili baada ya ibada tutakaa, mimi na yeye, na shangazi yenu mkubwa katikati. Nimeyaandaa maneno yangu, nikayapanga, nikayavunja. Mimi ambaye sijapata kukosa sentensi maishani, sina hata moja ninayoiamini. Nimekuwa nikilikumbuka jibu lako la jioni ile. Ningekuwa na Masunga wa ndani, ningemwambia vibaya, nikamfuta, nikaanza upya hadi nipatie. Nina huyu mmoja, na tulilelewa kwa bakuli moja.

Ukikuta kosa katika barua hii, liache lilivyo. Mama yako anakusalimu, na vijana pia. Jumapili tukiinuka vitini nitakuandikia jioni hiyohiyo, nikueleze kilichotoka chumbani, kama ni pamba au ni kompyuta, na kama baba yako mdogo alibaki kula.

Ni mimi,
Baba yako