Aliyemnywesha Bi Kimya

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha nyuma,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi sana. U hali gani huko uliko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Baba anakula vizuri, ila ule mguu tangu kiharusi bado haumtii. Mimi ni mzima isipokuwa mikono, na hiyo nitakueleza.

Nakuandikia habari za Bi Kimya. Usicheke. Wewe mwenyewe ndiye uliyelibandika jina hilo lile trekta la umeme la kukatia nyasi, siku Baba alipostaafu kazi ya bustani hospitalini akapewa liwe lake, kwa kuwa likipita hata paka haamki. Tangu augue, ndiyo miguu yake. Alikuwa akipanda, anakata nyasi zetu, anavuka kukata za majirani, anataniana na watu, anarudi amechangamka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe ulikuja likizo, sisi tukaugua. Ulifunua kiti ukaona betri zimepungukiwa maji. Nikakwambia subiri, niende dukani nikalete maji ya betri. Ukanijibu, "Dada, maji ni maji." Ukachukua jagi la jikoni, ukazijaza maji ya bomba mpaka shingoni, ukapigwa picha umekaa juu yake, ukaenda kupanda ndege yako. Tulipozichaji zikatema maji makali, yakala nyaya. Haukupita muda, Bi Kimya akagoma kabisa.

Na lawama alibeba nani? Mimi! Baba alisema mbele ya majirani, "Injinia wangu alimwacha mzima, huyu ndiye kamuua." Akafunga banda, ufunguo akautia mfukoni. Akawa anashinda dirishani kutwa, anatazama nyasi zinavyopanda. Roho iliniuma, Kaka, sikufichi.

Nilimbembeleza mpaka akanipa ule ufunguo. Nikazitoa betri moja moja, nikazipeleka kwa fundi. Alipochungulia ndani aliguna tu, "Nani kazinywesha hizi?" Nikajitia hamnazo, nisikutie aibu. Mbili zilikuwa za kutupa, nikanunua nyingine. Niliporudi nikaosha kila palipomwagikiwa kwa maji ya magadi, nikabadilisha nyaya, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafungua mota nikaweka makaa mapya, vile vipande vyeusi vya kupitishia umeme. Vidole vimebabuka, hata kalamu hii naishika kwa taabu.

Bi Kimya akaenda. Baba alilia machozi. Halafu akampigia simu nani? Wewe! "Mwanangu, dawa yako imefanya kazi." Nilikuwa nimesimama pale pale, mikono imefungwa vitambaa, nasikia kila kitu. Nikangoja useme neno. Ukacheka. "Si nilikwambia, Baba? Ilihitaji muda tu." Ama kweli, Kaka, wewe huna haya hata chembe.

Jana uvumilivu ukaniisha. Nilikuwa namshika Baba mkono apande, nikamwaga yote, ya jagi na ya bomba. Hakushtuka. Akasema, "Najua. Nilimwona nikiwa pale dirishani." Nikamuuliza, sasa mbona ulinibebesha mimi? Akaweka kofia yake vizuri kwanza. "Yule nikimgombeza hatapiga simu tena. Wewe utakwenda wapi?" Kisha akaenda zake kukata nyasi, mimi nimebaki nimesimama mlangoni pa banda.

Amenikataza nisikwambie. Haya, nimekwambia. Sitaki shukrani yako wala pole yako. Mpigie mzee wako, umwambie kwa mdomo wako kwamba yalikuwa maji ya bomba. Akugombeze mpaka achoke. Halafu Jumapili inayofuata umpigie tena, aone kwamba inawezekana.

Mama mdogo anakusalimu, anauliza kama bado unakohoa. Nisalimie Wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mungu akulinde huko ugenini, akulainishe na moyo kidogo.

Wako akupendaye, asiye na pa kwenda,

Dada yako.