Niliyatia mbolea mahindi aliyonikataza mwanangu

Mshauri wetu mpendwa,

Naomba msaada wako, na nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana mimi nimechoka, nimechoka mwili na nimechoka kichwa, na hii barua naiandikia hapa shambani nimekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, kwa sababu nyumbani baba watoto akiniona na kalamu ataniuliza naandika nini na sina la kumjibu.

Kwanza ujue mimi ni mama wa nani. Mwanangu wa pili, binti, ni bibi shamba, lakini siyo wale wa kupita na pikipiki wakikwambia pandeni mapema halafu wakaondoka, huyu ni wa utafiti, anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mazao, ana shahada, ana koti jeupe, na picha yake akiwa amevaa joho ninayo kwenye pochi, hata mwenye mashine ya kusaga ameshaiona mara nne na mara ya nne alisema mama, hii nimeiona, nikamwambia iangalie tena. Mimi niliishia darasa la sita. Kwa hiyo nikisema mwanangu anajua mahindi kuliko mtu yeyote huku kwetu sijisifu, nasema ukweli.

Sasa msimu huu kituo kiliwaambia wafanye majaribio kwenye mashamba ya watu, siyo kule kwao tu ambako kila kitu kimenyooka kwa rula, na mwanangu akachagua shamba langu. Langu! Akaja na kamba, akaja na vigingi, akapima vipande vinane, akanifundisha kupanda mstari kwa mstari sentimita sabini na tano, shimo hadi shimo thelathini, punje moja moja, mimi niliyezoea kutupia tatu shimo moja na kwenda zangu. Vipande vinne vikatiwa mbolea ya kupandia na baadaye ya kukuzia, vinne havikutiwa kitu kabisa. Akanikalisha chini akaniambia, "Mama, hivi vinne usiviguse. Palilia kama kawaida, lakini mbolea hapana, hata samadi, hata majivu. Hivi ndivyo vitakavyotuonyesha mbolea imefanya kazi gani." Nikamwambia mwanangu, mimi siyo mtoto, nimesikia.

Na nilisikia kweli. Tatizo ni macho ya watu.

Shamba langu liko kando ya njia, mshauri. Kila anayekwenda dukani anapita hapo, na mimi mdomo wangu nilikuwa nimeshautanguliza, nimewaambia wote kwamba hapa ni shamba la mtaalamu. Mahindi yalipofika magotini, vile vipande visivyo na mbolea vikaanza kuwa njano, kwenye majani ya chini njano inaanzia kwenye ncha halafu inashuka katikati ya jani mpaka kwenye bua, mimea imekonda inatia huruma. Fundi baiskeli aliye ng'ambo ya njia akawa kila asubuhi ananiuliza, "Mama, wagonjwa wameamkaje leo?" Na wifi yangu, dada wa mume wangu, huyo ndiye aliyenimaliza. Alisimama pale na mzigo wake wa kuni kichwani, akaangalia, akaangalia, akasema, "Wifi, hayo ni mahindi au ni vitunguu? Huyo mtoto alisoma miaka yote ile ili aje kutulimia vitunguu?" Wanawake wawili aliokuwa nao wakacheka mpaka mmoja akashusha mzigo.

Nilimweleza. Nilimwambia ni ya kulinganishia, yanatakiwa yawe hivyo. Akasema, "Haya wifi, yanatakiwa," akaenda zake.

Sikula mchana ule. Kesho yake mvua ilinyesha asubuhi, na saa nane watu wote wakiwa ndani wamejipumzisha nilichukua mfuko wa mbolea ya kukuzia iliyobaki stoo, nikachukua kizibo cha soda, nikaingia shambani. Kizibo kimoja kila mmea, umbali wa kiganja kutoka kwenye bua, nikafukia vizuri isipotee, kwa sababu mwanangu alinifundisha vizuri na mimi nikifundishwa nashika. Nilitia vipande vitatu. Cha nne kiko nyuma kabisa karibu na mtaro, hakuna anayepita huko, nikaona kinamtia nani aibu, na mgongo ulikuwa umeshakataa, nikakiacha.

Baada ya siku kumi, mshauri, ungeyaona! Kijani mpaka meusi. Fundi baiskeli akanyamaza. Wifi akapita akiangalia upande wa pili, na mimi nilikuwa nimesimama pale makusudi nimeshika kiuno.

Halafu mwanangu akaja kupima. Alisimama kwenye kipande cha kwanza muda mrefu, akaenda cha pili, akarudi. Akaniuliza, siyo kwa kunishuku, aliuliza kama mtu anayeuliza saa, "Mama, kuna mtu aliweka chochote hapa?" Na mimi nikamjibu, "Nani aweke, nami nipo hapa kutwa?" Akasema kweli, mama, nisamehe. Aliniomba yeye msamaha.

Tangu siku hiyo sina raha. Maana mwanangu ana akili, na mtu mwenye akili hakosi sababu. Akasema lazima ni yale maharage niliyolima msimu uliopita, yameacha chakula kwenye udongo, kwa hiyo ardhi ya huku ikifuata maharage haihitaji mbolea. Na kile kipande cha nyuma, ambacho kilibaki njano mpaka kikakauka na vigunzi vyake ni kama kidole gumba, anasema kimeharibiwa na maji ya mtaro, kwa hiyo atakiondoa kwenye hesabu. Yaani kile nisichokigusa ndicho kinachotupwa! Mkubwa wake wa kituo amefurahi, amempa nafasi azungumze siku ya wakulima, watu wa vijiji vyote watakuja hapa shambani kwangu Alhamisi ya wiki ya pili kuanzia sasa. Mahindi yameshakauka, Jumamosi hii inayokuja anakuja na mizani kuvuna na kupima.

Na karatasi ya huo utafiti ameshaanza kuiandika, alinionyesha. Ukurasa wa mbele kuna shukrani, na jina langu limepigwa chapa pale, limeandikwa kabisa, kwa mama yangu aliyelinda jaribio hili kwa uaminifu. Nilimwomba nakala. Nimeikunja iko kwenye pochi pamoja na ile picha, lakini hiyo sijamwonyesha mtu.

Juzi wifi amekuja nyumbani, mara hii kwa heshima, akasema, "Wifi, nimesikia kwa mtoto mambo ya maharage. Basi msimu ujao mimi mbolea sinunui. Mtaalamu amesema." Ana watoto watano na eka moja isiyotimia. Nilimwangalia nikashindwa kufungua mdomo, nikamtengea kiti.

Mshauri, nikisema, mwanangu ataaibika kwa mkubwa wake, kazi yenyewe ni ya mkataba, na atajua mama yake ni mwongo. Nikinyamaza, labda maharage nayo yana ukweli kidogo, au siyo? Niambie kama ninaweza kunyamaza. Mimi nilitaka watu wamwone mwanangu kama ninavyomwona mimi, basi.

Ni mimi,
Mama wa bibi shamba

*

Mshauri anajibu:

Mama wa bibi shamba, pole. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ulinikataza lakini nimecheka, na mara ya pili sikucheka. Sasa nisikilize, kwa sababu gazeti hili utalipata Ijumaa na mizani inakuja Jumamosi.

Huwezi kunyamaza. Hilo umeniuliza huku jibu unalo, maana uliposhindwa kufungua mdomo mbele ya wifi yako hukuwa ukiwaza mambo ya maharage.

Na kwa kuwa umeyataja, nimemtafuta mtu anayefanya kazi hiyohiyo ya utafiti wa mazao, mbali na kwenu, nikamweleza bila kusema ni nani. Maharage huacha kitu kwenye udongo, ni kweli, lakini ni kidogo, na wewe na wifi yako, kama wakulima wengi, mnavuna maharage mnaondoka nayo mpaka makapi. Hayawezi kuyageuza mahindi ya njano kuwa meusi kwa siku kumi. Kinachofanya hivyo unakijua, ulikibeba kwa kizibo. Wifi yako akipanda bila mbolea atavuna kile kilichoko nyuma kwenye mtaro wako, vigunzi vya kidole gumba, shamba zima. Utakaa naye vipi hapo kijijini watoto watano wakimtazama?

Huyo mtaalamu hakushangaa. Ameniambia aliwahi kumkuta mzee mmoja akiimwagilia kwa ndoo mistari iliyotakiwa ikae mikavu, akamuuliza kwa nini, mzee akasema ilikuwa inamwangalia. Kwa hiyo huko kwenye utafiti hutakuwa wa kwanza. Lakini yule mzee alipoulizwa alijibu. Wewe uliulizwa na mwanao, uso kwa uso, ukamdanganya, naye akakuomba radhi. Mama, kutia mbolea kulikuwa upuuzi, na upuuzi tunao wote. Lile jibu ndilo kosa, na ndilo linalokuchosha. Siyo mgongo.

Unasema unaogopa ataaibika. Hebu fikiri. Akienda kwa mkubwa wake Jumatatu na kusema, "Jaribio liliingiliwa, nimegundua, hivi ndivyo lilivyoingiliwa," huyo ni mtafiti anayejua kazi yake. Akisimama Alhamisi mbele ya vijiji vyote awaambie wasitie mbolea, halafu msimu ujao mashamba yote yawe njano, huo ndio mwisho wa koti jeupe. Na hapo hutakuwa na mtu wa kumwonyesha picha.

Sasa fanya hivi. Leo hii, ukishaisoma, chukua karatasi uandike vipande vitatu ni vipi, ukihesabu kutoka njiani. Andika ulitia mbolea gani, kizibo kimoja kila mmea, mahindi yalikuwa yamefika wapi, na ni baada ya mvua ipi. Mfuko uliotumia utafute, usiutupe. Mtaalamu ameniambia vitu hivyo vikijulikana kwa uhakika, vile vipande vitatu havitupwi: vinaandikwa vilivyo, kwamba vilikosa mbolea ya kupandia vikapata ya kukuzia peke yake, na hilo nalo wakulima wengi hulifanya kwa kukosa uwezo, kwa hiyo kuna kitu cha kujifunza. Havitakuwa tena vya kulinganishia, na kimoja cha nyuma peke yake hakitoshi kusimamisha neno. Huenda akalazimika kurudia jaribio msimu ujao. Hiyo ndiyo hasara, siwezi kukupunguzia. Lakini kile cha nyuma kisiondolewe, na atakaposikia atajua mwenyewe kwa nini.

Usimwambie kwa simu. Usimtume baba yake. Usianze kwa kumpikia na kumsifia nguo. Jumamosi akifika, kabla hajafungua mizani, mpeleke kwenye kipande cha kwanza, mpe karatasi, umwambie, "Uliniuliza, nikakudanganya." Usiongeze kwamba ulifanya kwa kumpenda. Anajua. Wifi na fundi baiskeli usiwataje, hawakushika kizibo.

Atakasirika. Anaweza kuondoka bila kuaga, anaweza kulifuta jina lako kwenye ule ukurasa, na akilifuta usimbembeleze, maana lile neno aliloandika baada ya jina lako bado hujalifanyia kazi. Msimu ujao anaweza kupeleka vigingi vyake kwenye shamba la mtu mwingine. Mwache. Wewe endelea kupanda punje moja moja alivyokufundisha.

Kwa wifi yako utakwenda mwenyewe, siku hiyohiyo ya Jumamosi jioni mwanao akishajua, wala usingoje mkutano. Mwambie anunue mbolea, na umwambie umejuaje. Atacheka sana, na wewe utakaa pale mpaka amalize. Akimaliza, mfundishe kutumia kizibo, kiganja kimoja kutoka kwenye bua na kufukia, kwa sababu kwa hilo hakuna anayekushinda.

Kuhusu Alhamisi, ningekuwa mimi ningewapitisha wageni wote kando ya vile vipande vilivyokuwa vya kijani, nikawapeleka hadi nyuma kwenye mtaro, nikawaonyesha yale mabua yaliyokonda, maana ndiyo waliyokuja kuyaona hata kama hawajui. Ila hilo ataamua yeye, siyo mimi na siyo wewe. Safari hii, mama, usimsaidie mpaka akuombe.