Homa ya Jumatatu

Jumatatu, 14 Julai 2025
Tena! Kufika saa nane mchana natetemeka, kifua kimebana, Secilia naye anakohoa juu ya cherehani. Wiki jana vilevile. Jumanne tunapona. Nani anatuchezea? Jumapili sisi tuko kanisani, Rehema anabaki peke yake karakana anajaza magodoro. Jumatatu chai anachemsha yeye. Na yeye haumwi! Simsingizii mtu, naandika tu.

Jumatatu, 21 Julai
Nimekuja na chai yangu kwenye chupa. Nimeumwa vilevile. Basi kuna kingine anachotutilia, mjanja huyu. Nimemwambia bosi, Zabron, kwamba Rehema anatutilia kitu. Hakubisha hata kidogo — hilo nalo limenishangaza.

Jumamosi, 26 Julai
Jumamosi huwa napeleka mito sokoni Mlalo. Leo mvua, nikabaki karakana. Rehema jana hakuja, Ijumaa yake ya msikitini. Asubuhi kaingia mzima, kafumua robota la pamba, saa saba anatetemeka na kushika kifua. Kama sisi!

Nikaketi. Sisi tunapumzika Jumapili, tunaumwa Jumatatu. Yeye anapumzika Ijumaa, anaumwa Jumamosi. Siku ya kurudi ndiyo inayotupiga, sote.

Nikainusa pamba. Haya marobota yaliyopanda kutoka Mombo mwezi wa sita yana madoa ya kijivu, yananuka kuvu. Na madirisha tunafunga kwa baridi, vumbi lote tunalivuta sisi. Mjinga mimi!

Nikamfuata Zabron. Kwanza kafunga mlango. Kauliza nimemwambia nani mwingine. Kasema magodoro ya bweni la shule yanatakiwa mwisho wa mwezi, pamba nyingine hana. Halafu, taratibu kabisa:

"Habari ya sumu umeileta wewe, Klara. Baki na hiyo hiyo."

Jioni kamfukuza Rehema, mbele ya watu, eti anatia watu sumu.

Jumatatu, 28 Julai
Ofisi ya kijiji. Rehema kamshtaki Zabron, shahidi wake kanitaja mimi. Mwenyekiti hajafika, naandikia hapa kwenye benchi. Leo sijaingia karakana — kifua chepesi. Zabron yuko mlangoni, kanisalimia vizuri mno. Simwamini.

Rehema hajui neno la sumu lilianzia kwa nani. Kaja kukaa ubavuni kwangu, kanishika mkono. Ananiuliza naandika nini. Nimefunika ukurasa kwa kiganja, nikasema shahidi lazima aandike asije akasahau.

"Mungu akulipe, dada Klara," kasema.