Kuni za Maganda ya Kahawa

Buganguzi, 9 Agosti 1952

Kwa mpwa wangu Lameki uliye Kampala,

Mimi mjomba wako ni mzima, na meno yangu yote. Mbuzi wako amezaa mapacha.

Nadhani sifa zangu zimefika huko. Mashine ya mvuke ya kiwanda cha kahawa ilikuwa imemaliza kwa kuni miti ya kilima kizima, Mzungu msimamizi wa kiwanda akashika kichwa. Nikamwambia, "Bwana, choma maganda ya kahawa!" Tukayatia tanurini, moto ukanguruma mpaka meli ya ziwani ikadhani inaitwa. Wenye vyuo hawakuliona jambo hilo, nililiona mimi wa darasa la tatu.

Nisikufiche lakini. Wanawake waliokuwa wakibeba maganda yale kwenda kuyatandaza kwenye migomba yawe mbolea, sasa wanafukuzwa getini. Mama yako ni mmoja wao. Migomba ya kibanja chenu imekonda, na mikungu ni ya kuonea huruma.

Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kumsalimu. Akaniletea kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo heshima ya mgeni. Nikatia mkono, nikatoka na majivu.

"Tafuna, kaka," akasema. "Si ndiyo kahawa uliyotuachia?"

Nilicheka, Lameki. Yeye hakucheka.

Mwandikie wewe, maana kwangu amefunga mlango. Mwambie sikujua kwamba watayachoma yote.

Ni mimi mjomba wako Byarugaba, ambaye Mzungu alimvulia kofia.