Siku Niliyomnyima Mwanangu Kazi ya Gesi

Palma, Msumbiji, Ijumaa. Jua kali tangu asubuhi, na helikopta za watu wa gesi zimepita juu ya paa langu mpaka kuku wamezizoea. Moyo una furaha, lakini imechanganyika na kitu ambacho bado sijakipa jina.

Mwanangu Atija yuko nyumbani kwa likizo. Anasoma Maputo, mestrado, mambo ya seli. Kwa asiyejua, mestrado ndiyo inayokuja baada ya kumaliza chuo kikuu, na mtaani kwetu aliyefika huko ni wangu peke yake. Anayeona najisifu, naye asomeshe wake.

Siku hizi hapa kila mtu anatafuta kazi ya gesi. Kaka yangu mkubwa, Sumaila, alimpatia Atija nafasi ya kuwatafsiria wageni. Angeishi kwangu. Nilishanunua godoro jipya, na nilishawatangazia wanawake wote kisimani kwamba mtoto anarudi moja kwa moja.

Juzi Atija akaniambia hataki. Anataka kurudi maabara.

Kwetu mtoto hamwambii mjomba wake "sitaki". Neno hilo hulipeleka mama. Basi leo baada ya sala nimevaa kanga mpya, nikaenda kumwomba kaka yangu kitu ambacho mimi mwenyewe sikukitaka.

Nimemkuta barazani anakunywa chai.

"Huko Maputo anasoma nini hasa?"

"Seli za panya, kaka. Panya mdogo wa Uchina."

Akaweka kikombe chini. "Mdogo wangu, panya wako ghalani kwangu. Aje awasome hapa, na mshahara apate."

Mkewe akacheka huko ndani. Nami nikakaza. Niliishia darasa la nne, lakini jambo hili Atija amenifundisha jikoni tukikuna nazi, amerudia mpaka limeingia. Nikamweleza kaka taratibu. Ndani ya kila seli mna vitu vidogo sana vinaitwa ribosomu. Ndivyo vinavyotengeneza protini, na bila protini seli haiishi. Dawa wanayoijaribu ikiingia, inaikamata ribosomu, kazi inasimama, seli inakufa. Lakini katika seli nyingi mno, moja hutokea ina kosa dogo katika jeni. Kipande kimoja cha ribosomu yake kinatoka kimebadilika umbo, kidogo tu. Dawa ikija haipati pa kushika. Wenzake wote wanakufa, yeye anaendelea na kazi, anazaa wengine kama yeye.

"Kwa hiyo mtoto wetu anafuga zile mbishi."

"Anazitafuta zilizopona, aone ni kipande gani kimebadilika. Hapo ndipo wanajua dawa inashika wapi. Na wanaanza kujua kwa nini dawa iliyokuwa inatibu uvimbe inaweza kuja kushindwa."

Akakishika tena kikombe. Mdogo wetu Zainabu alikufa kwa uvimbe wa titi. Dawa za hospitali zilimpa nafuu, kisha zikagoma, na kaka alimgombeza mpaka mwisho kwamba vidonge anavificha, hamezi.

"Kwa hiyo Zainabu alikuwa anameza?"

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini Atija alinionya nisizidishe.

"Sijui, kaka. Anasema njia za seli kuikwepa dawa ni nyingi, hii anayoisoma ni moja tu. Ila mtu anaweza kumeza kila siku na dawa ikashindwa. Hilo lipo."

Ameitazama chai yake mpaka ikapoa.

"Alikuwa ananiapia," akasema. Halafu, bila kuniangalia: "Mwambie arudi kwa panya wake. Watu wa gesi nitawatafutia mwingine."

Nimeshinda. Mimi wa darasa la nne.

Njiani kurudi nilitembea kama natoka shambani na mzigo. Atija alikuwa mlangoni, mikono imejaa nazi.

"Mama, amesemaje?"

Ningeweza kumwambia amekataa.

Asingethubutu kwenda kumuuliza mjomba wake. Angelia siku mbili, kisha angevaa kofia ngumu ya wale wageni, na kila jioni ningesikia kandambili zake uani. Nilivua viatu polepole, nikavipanga, nikavipanga tena.

"Amekubali."

Akanirukia shingoni na mikono yake hiyohiyo, kanga yangu mpya ikajaa machicha. Sikumgombeza.

Jumatatu anapanda gari. Kesho bado ni Jumamosi na bado ni wangu. Nitampikia pweza, nitamtazama akila, na hili la mlangoni sitamwambia. Ukurasa huu wa mtandaoni ninaoandikia aliniundia yeye, kwa hiyo ipo siku atalisoma hapa, akiwa mbali. Asinipigie simu akilia. Azilishe kwanza seli zake.